Programu ya mtandao: isubiri au isisubiri? Ulinganisho kwa wanaojenga mifumo Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, mifumo mingi midogo ya huku kusini huelemewa kwa wakati mmoja: inayopokea uzito kutoka maghalani, inayotuma ujumbe kwa wakulima baada ya mnada, inayoulizia malipo kwenye benki na kampuni za simu. Anayeandika mfumo wa namna hiyo hukutana mapema na swali moja. Programu inapoongea na mtandao, isimame hapo hapo ikingoja jibu, yaani mtindo wa sinkronasi, au iache ombi lake na kuendelea na mengine hadi jibu lifike, yaani asinkronasi? Vijiweni swali hili hujibiwa kwa ushabiki wa lugha: wa Node, yaani JavaScript ya upande wa seva, huku, wa PHP kule. Mimi nashikilia kwamba linajibika kwa hesabu ya kuzidisha, na kwamba kwa mifumo mingi ya ukubwa wetu jibu ni mtindo wa kusubiri, uliowekewa ukomo wa muda kila mahali. Iko mifumo ambayo jibu hilo haliifai kabisa, na nitaieleza.

Kinachotokea ndani ya mashine

Katika mtindo wa kusubiri, programu inaiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, baiti zilizofika kwenye soketi fulani, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao. Kama hakuna kilichofika, kerneli inailaza thredi iliyoomba, yaani mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu, inaiweka kwenye orodha ya wanaongoja soketi ile, na prosesa inakwenda kuhudumia wengine. Pakiti ikifika, kadi ya mtandao inaishtua kerneli, thredi inaamshwa, na mstari unaofuata wa msimbo unaendelea. Wengi hudhani thredi iliyolala inakula prosesa. Haili hata kidogo. Inachokula ni nafasi. Kwenye Linux kila thredi kwa kawaida hutengewa MB 8 za anwani kwa ajili ya steki yake, yaani kumbukumbu yake ya kazi, ingawa RAM halisi inayotumika ni zile kurasa tu zilizoguswa, mara nyingi makumi ya KB. Kwa hiyo thredi 200 si kitu kwenye seva ya kawaida, na 2,000 zinabebeka. Ukifika 20,000, kazi ya kubadilisha zamu kati yao na kumbukumbu zinazoshikilia huanza kuuma.

Katika mtindo wa kutosubiri, soketi huwekwa alama ya kutozuia. Ukiomba data na haipo, kerneli inakujibu papo hapo kwamba bado. Badala ya kurudi kuuliza kila mara, unaikabidhi kerneli orodha ya soketi zako zote, kisha thredi moja inalala ikingoja taarifa kwamba soketi fulani na fulani sasa zina kitu. Njia ya zamani ya kufanya hivyo, select, ilikuja na mfumo endeshi wa BSD 4.2 mwaka 1983, na kwa kawaida inaishia soketi 1,024. Tena kila unapoiita, orodha nzima inapitiwa upya. FreeBSD ilileta kqueue mwaka 2000, na Linux ikapata epoll mwaka 2002. Hizi hurudisha zile zilizo tayari tu, hata kama soketi zote ni elfu hamsini.

Mvuvi wa Mikindani angelielewa hili upesi. Wa mshipi anashika uzi mmoja na kungoja samaki mmoja; ukitaka mishipi kumi, tafuta watu kumi. Wa madema anatega mengi, anarudi na ngalawa moja kuyapitia. Select inamlazimisha azungukie madema yote, na epoll inamwonyesha maboya yaliyotikisika tu.

Msukumo wa kuhamia upande wa pili ulitokana na swali alilolitangaza Dan Kegel mwaka 1999: kwa nini seva moja isihudumie wateja elfu kumi kwa pamoja? Seva za wavuti za wakati huo zilimpa kila mteja mchakato (programu inayoendeshwa kivyake, na kumbukumbu yake) au thredi yake. Seva ya wavuti ya Nginx, iliyotolewa hadharani mwaka 2004, ilijengwa juu ya jibu la swali hilo, na Node ya mwaka 2009 ikaupeleka mtindo huo kwa waandishi wa JavaScript. Ukumbuke basi kwamba asinkronasi ilizaliwa kutatua tatizo la miunganisho elfu kumi ya pamoja. Kabla ya kuichukua, jiulize kama unalo tatizo hilo.

Hesabu yenyewe

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni iliyo rahisi ajabu: idadi ya walio ndani kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Maombi 10 kwa sekunde, kila moja likikaa sekunde 2, ni maombi 20 ndani kwa pamoja. Basi. Ukiwa na thredi au michakato 20, inatosha kwa kubana; weka 40 upate pumzi.

Chukua seva ya kukodi yenye RAM ya GB 1, inayoendesha PHP. Tuseme kila mchakato unakula MB 30. Ukiacha nafasi ya kanzidata na mfumo wenyewe, una michakato kama 20. Kila ombi likikaa ndani nusu sekunde, unahudumia 40 kwa sekunde, ambayo ni mengi kwa chama cha msingi chochote Tandahimba au Ruangwa. Lakini tuseme kila ombi lazima liulize huduma ya malipo iliyo nje, na siku hiyo huduma ile inajibu kwa sekunde 10. Michakato 20 gawanya kwa 10: maombi mawili kwa sekunde. Seva haijachoka, prosesa iko karibu tupu, ila kila mchakato umelala ukingoja mtu mwingine. Mkulima anayefungua ukurasa wa kuona kilo zake tu, usiohusiana na malipo, naye anakwama foleni.

Hapo ndipo mtindo wa kutosubiri unapostahili sifa. Katika mtindo huo, ombi linalongoja linashika KB chache tu za kumbukumbu, na maombi elfu moja yanayongoja hayamzuii wa kuona kilo. Hata hivyo dawa ya kwanza si kuandika mfumo upya. Toa kazi ya malipo kwenye njia ya mteja: iandike kwenye jedwali la kazi zinazosubiri, mjibu mteja papo hapo, kisha programu nyingine ndogo, ya sinkronasi hiyo hiyo, iwe inazichukua kazi hizo na kuzimaliza. Umepata faida ya kutosubiri mahali pale tu ilipohitajika.

Kutuma ujumbe kwa wakulima 3,000

Mnada umeisha, bei zimejulikana, chama kinataka wanachama 3,000 wapate ujumbe. Kila wito kwa mtoa huduma ya SMS unachukua, tuseme, nusu sekunde. Mmoja baada ya mwingine ni sekunde 1,500, yaani dakika 25. Hiyo inakera. Kwa thredi 20 ni sekunde 75. Kwa asinkronasi yenye maombi 200 kwa pamoja ni sekunde nane.

Kwenye karatasi asinkronasi imeshinda mbali, lakini watoa huduma wengi wana kikomo cha maombi kwa sekunde, na ukikivuka wanarudisha hitilafu 429. Utalazimika kuipunguza kasi programu yako hadi ilingane na ya thredi 20. Na wengi wao wanapokea namba nyingi ndani ya ombi moja. Ukitumia njia hiyo, maombi 30 ya namba mia mia yanamaliza kazi hata kwa thredi moja. Kwa kazi hii mimi ningeandika sinkronasi bila kusita. Anayetumia Python asiogope kile kifungo chake cha kuruhusu thredi moja tu kwa zamu: thredi inapongoja mtandao inakiachia, kwa hiyo thredi 20 zinasubiri kwa pamoja vizuri kabisa.

Vifaa vinavyoshinda vimeunganishwa

Sasa geuza. Una vifaa 2,000 vya kufuatilia malori yanayoshusha korosho bandarini na mashua za kati ya Kilwa na Msimbati. Kila kimoja kinafungua muunganisho wa TCP asubuhi na kubaki nao siku nzima, kikituma mstari mmoja kila sekunde 30. Kasi ni ndogo, kama mistari 67 kwa sekunde, thredi moja inaimudu bila jasho. Lakini muda wa kukaa ni siku nzima. Kwa mtindo wa kusubiri unahitaji thredi 2,000 zilizolala karibu muda wote, na mradi ukikua ukafika vifaa 30,000 umefika ukutani. Kwa mtindo wa kutosubiri, thredi moja na epoll chini yake zinatosha leo, na zitatosha ukikua. Hapa sioni hata ubishi. Vivyo hivyo kwa gumzo, kwa arifa za moja kwa moja, na kwa ukurasa wa bei unaobaki wazi kwenye simu za watu mnada ukiendelea.

Usisahau kwamba Linux kwa kawaida inauruhusu mchakato kufungua faili na soketi 1,024 tu hadi uuongezee kikomo. Programu ya kutosubiri hugonga kikomo hicho mapema, na hitilafu inayotokea inamchanganya asiyeitarajia.

Kanzidata haijali mtindo wako

PostgreSQL huja ikiruhusu miunganisho 100, na kila muunganisho ni mchakato kamili upande wake. Seva ya asinkronasi inayopokea maombi 5,000 kwa pamoja itayapanga yote kwenye foleni ya miunganisho hiyo 100 au pungufu. Kama muda mwingi wa ombi unatumika kwenye kanzidata, ndivyo ilivyo kwa mifumo mingi ya uhasibu wa vyama vya ushirika, asinkronasi haikuongezei chochote. Imehamisha foleni kutoka mlangoni kwenda ndani, mahali usipoiona. Faharasa nzuri kwenye jedwali la uzito itakusaidia zaidi.

Mtandao unapokatika

Hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote, kwa sababu maandiko mengi ya mitindo hii miwili yameandikwa na watu ambao mtandao wao haukatiki. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilometa 560. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sana milisekunde 6. Hiyo ni raha. Tatizo ni siku ambayo jibu halirudi kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo, huduma inayotegemea seva za nje ya nchi inaweza isipate jibu, wala hata hitilafu. Kimya tu.

Programu inafanya nini kwenye kimya? Ukiwa umeshatuma data na haijathibitishwa, Linux kwa kawaida inajaribu tena mara 15, na inaweza kupita robo saa nzima kabla haijakubali kwamba muunganisho umekufa. Ukiwa unasoma tu, bila kutuma, hali ni mbaya zaidi: bila ukomo wa muda unaweza kungoja milele. Kuna kipimo cha uhai cha TCP, lakini hakiwashwi hadi ukiwashe, na ukikiwasha kinangoja saa mbili ndipo kiulize mara ya kwanza.

Upande wa sinkronasi, kimya kinameza thredi moja baada ya nyingine hadi zote 20 zimelala, na mfumo unasimama. Inaonekana haraka, watu wanapiga simu. Upande wa asinkronasi, mfumo unaendelea kupokea maombi mapya huku yale yaliyokwama yakirundikana kwenye kumbukumbu, soketi zikiongezeka, hadi RAM iishe au kikomo cha faili kifikiwe. Unakufa baadaye, na unakufa na kazi nyingi zaidi mkononi. Hakuna upande uliookoka bila ukomo wa muda.

Kuna tofauti ya kweli katika namna ya kuuweka ukomo huo. Maktaba ya requests ya Python, ambayo wengi wetu tunaitumia, haina ukomo wowote usipouweka mwenyewe. Na ukiuweka, unahesabu muda kati ya vipande vya data, si muda wa ombi zima: seva mbovu inayodondosha baiti moja kila sekunde tisa itakushika nusu saa ingawa umeandika ukomo wa sekunde kumi. Katika sinkronasi kuua thredi kutoka nje ni jambo la hatari, kwa hiyo kuweka ukomo wa kazi nzima ni kazi ngumu. Katika asinkronasi ni rahisi: unaifunga kazi yote, hata yenye hatua tano ndani, kwenye ukomo mmoja wa sekunde 15, na muda ukiisha inafutwa popote ilipofika. Kwa mazingira yetu naihesabu hii kuwa sababu bora zaidi ya kuchagua asinkronasi, bora kuliko habari ya maelfu ya miunganisho.

Kwa vifaa vya malorini, ule mstari wa kila sekunde 30 uchukue kuwa ndiyo salamu. Mnara ukizimika njia ya Nangurukuru, kifaa hakipati nafasi ya kuaga, na seva inaendelea kuamini kwamba kipo. Kikikaa kimya dakika tatu, kata muunganisho.

Mtego wa kutosubiri

Thredi moja inayohudumia wote ina sharti: asitokee mmoja wa kuikalia. Ukiita ndani yake kitu cha kusubiri, au ukaifanyisha kazi nzito ya prosesa, kila mteja anasimama. Kukokotoa alama ya nywila kwa bcrypt, kanuni ya kuficha nywila, kunaweza kuchukua robo sekunde. Watu wanane wakiingia kwa pamoja asubuhi, vifaa vyote vimengoja sekunde mbili. Kutumia requests ndani ya msimbo wa asyncio, maktaba ya asinkronasi ya Python, ni kosa hilo hilo, na halitoi hitilafu yoyote: programu inafanya kazi, ila polepole, na hujui kwa nini. Dawa ipo, ni kuipeleka kazi hiyo kwenye thredi ya pembeni, lakini lazima ujue mahali inapohitajika.

Hata Node, inayosifiwa kwa thredi moja, ina kundi la thredi nne pembeni. Kusoma faili kunapitia huko, na kutafuta anwani ya jina la seva kwa njia yake ya kawaida kunapitia huko pia. Seva ya DNS, yaani inayojibu maswali ya majina hayo, ikichelewa, maombi mawili tu ya kutafuta majina yanatosha kushika nusu ya thredi hizo: majina mengine yote yanakwama foleni, na kusoma faili kunabaki na nusu iliyobaki. Anayehudumia wateja wa mtandao unaoyumba aijue habari hii na aongeze idadi ya thredi hizo.

Kwa upande wa pili, thredi nyingi zina mtego wao: mbili zinasoma kilo za ghala kwa pamoja, kila moja inaongeza mzigo wake, na ya mwisho kuandika inafuta ya mwenzake. Asinkronasi hupunguza hatari hiyo kwa sababu zamu hubadilika pale tu msimbo unaposema ngoja. Lakini ukisoma kilo, ukangoja jibu la mtandao, kisha ukaandika, kosa ni lile lile. Hesabu za kilo ziachie miamala ya kanzidata, mtindo wowote uwao.

Nani atausoma msimbo huu mwakani?

Mifumo ya huku mara nyingi inaandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo akipata kazi Dar es Salaam au Dodoma, anayebaki ni kijana aliyemaliza chuo juzi. Msimbo wa kusubiri unasomeka kutoka juu kwenda chini, na ukivunjika, ripoti ya hitilafu inaonyesha njia nzima iliyopitwa. Msimbo wa kutosubiri unaruka, na mara nyingi hitilafu inatokea mbali na chanzo chake. Maneno ya async na await, yaliyoingia Python mwaka 2015, yamerahisisha sana, ila yanaambukiza: ukiyatia chini kabisa, kila anayeita kutoka juu naye lazima ayatumie. Kwa hiyo usichanganye nusu nusu. Kama huduma ya vifaa ni ya asinkronasi, iwe programu yake peke yake, na ukurasa wa wavuti wa chama ubaki sinkronasi. Zikutane kwenye kanzidata.

Anayeanza upya na hana deni la lugha yoyote, aitazame Go. Unaandika kana kwamba unasubiri, mstari baada ya mstari, huku chini yake Go inatumia epoll na kuzipa zamu kazi nyepesi ambazo kila moja huanza na steki ya KB 2. Java nayo, kuanzia toleo la 21 la Septemba 2023, ina thredi nyepesi za namna hiyo. Kwa huduma ya vifaa 2,000 ningechagua Go kabla ya Node na kabla ya asyncio.

Pima kabla hujaamua

Linux inakuwezesha kuharibu mtandao wako mwenyewe kwa makusudi. Amri `tc qdisc add dev eth0 root netem delay 400ms loss 3%` inaongeza ucheleweshaji na kupoteza pakiti kama siku mbaya ya laini ya simu. Weka jina la kadi yako mahali pa eth0, na ifanyie kwenye mashine ya majaribio. Tuma maombi kwa kasi unayoitarajia siku ya mnada, uhesabu mangapi yako ndani kwa pamoja. Yakiwa chini ya mia moja, kaa na sinkronasi. Yakiwa maelfu, na mengi yamelala, nenda upande wa pili. Kisha ikatie programu yako huduma ya nje kwa dakika tano katikati ya jaribio, irudishe, utazame kama mfumo unanyanyuka wenyewe bila mtu kuuwasha upya. Usiponyanyuka, tafuta mahali ambapo ukomo wa muda umesahaulika, kabla hujafikiria kubadilisha mtindo.